Mfano, Tafadhali

Machale yalinicheza siku ile ile ya kwanza, nilipoona amechonga penseli tatu.

Mtu mzima wa miaka hamsini na ushee hachongi penseli tatu kwa ajili ya somo la saa moja na nusu. Wanafunzi wangu wengine huja na kalamu moja ya kuazima, na yuko mmoja huja na simu tu, akidai ameandika kila kitu humo. Huyu alikuja na penseli tatu, rula ya mbao na daftari lililovishwa jalada la gazeti, akapita viti vyote vya mbele vilivyokuwa wazi na kwenda kukaa nyuma kabisa, pembeni mwa dirisha, mahali ambapo unamwona kila mtu. Nikamwambia moyoni, karibu bwana, na mimi nakuona.

Nafundisha Kiingereza kwa watu wazima waliolelewa na kusomeshwa kwa Kifaransa. Wamekuja kwa ajili ya kazi, au ndoa, au sababu ambazo siziulizi. Kiswahili cha mtaani wamekwisha kukiokota, tena wengine wananishinda kwa matusi. Sasa wanatafuta Kiingereza cha ofisini. Kituo chetu kiko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la fotokopi. Mashine zikianza kazi kule chini, sakafu inatetemeka na viti vinajisogeza vyenyewe kidogo kidogo, hivi kwamba ikifika saa tisa mstari wa mbele unakuwa umenikaribia kwa hatua nzima. Nimefundisha chumba hicho miaka kumi na moja. Cheti cha ualimu ninacho. Digrii sina.

Hilo la digrii ndilo lililokuwa linanila. Mwanzoni mwa mwaka mkurugenzi alituita walimu wote, tulikuwa wanne, akatusomea barua huku miwani yake iko kwenye paji la uso, hajaishusha: kuanzia mwaka ujao wakaguzi wangependa kuona vituo vina walimu wenye digrii. "Msiwe na wasiwasi," akamalizia. Tangu siku hiyo sikuwa na kitu kingine zaidi ya wasiwasi. Wenzangu watatu wote wana digrii. Kama unga wa mtu ungemwagika pale, ulikuwa wangu, na kila mtu aliyepanda zile ngazi akiwa na viatu vilivyopigwa rangi nilimtazama kama ndiye amekuja kuumwaga.

Basi baada ya somo nikachukua fomu za waliojiandikisha. Huwa tunawajazisha kwa Kiingereza, ni zoezi na ni kumbukumbu. Nikaitafuta ya yule wa penseli. Jina, umri, anwani. Kazi: "professor". Mahali: "college". Miaka: kumi na minane.

Nilikaa. Profesa! Wa chuo! Miaka kumi na minane! Sasa amefuata nini kwenye darasa la watu wanaojifunza kusema kalamu yangu ni nyekundu?

Nikaenda mlango wa pili, ofisini kwa mkurugenzi. "Yule bwana mpya," nikasema, kama mtu anayepita tu.

"Ahaa, yule! Mtu mzuri sana." Uso ukamchangamka. "Kuna jambo lake, mwalimu. Tutaongea."

"Jambo gani?"

Simu ikalia. Akainua kidole kunionyesha nisubiri, kisha akakigeuza kile kidole kunionyesha mlango.

Tutaongea. Neno hilo mkurugenzi akikupa, lifunge vizuri uende nalo, maana hatalifungua yeye.

Nyumbani nilimweleza dada yangu. Ni mkubwa kwangu kwa miaka mitano, tunaishi pamoja, na mambo ya kazi anayajua kwa uchungu. Alikuwa mapokezi kwenye zahanati moja mpaka walipomletea binti wa kumsaidia. "Kitufe cha kuwashia kompyuta nilimwonyesha mimi," husema kila akikumbuka. "Kwa kidole changu hiki. Mwezi wa pili kakalia kiti changu, na shali yangu bado iko mgongoni mwa kiti."

Siku hiyo alikuwa anapiga pasi. Alinisikiliza bila kuinua macho, mpaka nilipofika kwenye "profesa".

"Amekaa mbele au nyuma?"

"Nyuma."

"Anaandika?"

"Muda wote."

Akaisimamisha pasi. "Mdogo wangu, huyo hajifunzi. Huyo anakupima. Kaa chonjo."

Nikakaa chonjo.

Wiki ya pili tukaingia kwenye kulinganisha. Sisi wa Kiswahili Mungu ametuonea huruma: nyumba kubwa, nyumba kubwa kuliko ile, neno limekaa pale pale halijaguswa hata herufi. Kiingereza hakitaki hivyo. Neno fupi linaota mkia, "big" inakuwa "bigger", neno refu linatanguliziwa "more", na mtu aliyekulia kwenye Kifaransa, ambako kila neno hutanguliziwa kitu kimoja, hata umfanyeje atalitanguliza "more" lake kila mahali.

"My house is more big than your house," akasema Msusi. Yeye ana saluni mtaa wa nyuma, na darasa hulichukulia kama saluni ya pili.

"Mkia!" nikasema. "Mkia uko wapi?"

"Wa nyumba?"

Darasa zima hawana mbavu. Hata mimi nilicheka, nikakumbuka ninapimwa, nikaacha.

Kule nyuma penseli ikainuliwa. Hakuwa akiinua mkono, aliinua penseli. "Mwalimu, mfano, tafadhali, mwalimu."

Hivyo ndivyo alivyosema kila neno jipya lilipotokea. "Mwalimu" mwanzoni, "mwalimu" mwishoni, na katikati hiyo "mfano, tafadhali". Niliandika "heavier", akataka mfano. Niliandika "more difficult", akataka mfano. Nikimpa mfano anauandika, anauwekea rula chini, anachora mstari, ananitazama tena. Mtu aliyefundisha chuo miaka kumi na minane hakosi mfano wa "heavier"! Alikuwa anatafuta nitakwama wapi. Nikaanza kuandaa mifano mitatu mitatu kwa kila neno, naiandika kiganjani kwa wino, na mchana wa joto ikaniyeyukia mikononi nikashika shavu, nikafundisha nusu saa nzima nina doa la buluu usoni. Nesi, mwanamke mtaratibu anayekaa kiti cha mbele, ndiye aliyenipa kitambaa.

Jina la "Profesa" nilimpa mimi, kwa kejeli. "Haya, Profesa, tusaidie." Akainamisha kichwa kwa adabu, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Hakuona haya hata kidogo, na hilo nalo nikaliweka kwenye hesabu ya makosa yake.

Kisha akajifichua mwenyewe. Niliwataka kila mmoja aseme sentensi moja juu ya wiki yake. Ilipofika zamu yake akasimama, akafunga kifungo cha koti, akasema kwa Kiingereza chake cha kuchonga: "I assist your course every day. The director accept."

Anasaidia somo langu kila siku. Mkurugenzi amekubali.

Nilimshukuru, nikamwambia akae, nikageukia ubao nikaandika tarehe, ingawa tarehe ilikuwa imeshaandikwa. Msaidizi! Na mimi ndiye wa mwisho kuambiwa, tena mbele ya darasa langu, tena na yeye mwenyewe. Nikaiona ile shali ya dada yangu mgongoni mwa kiti.

Kuhusu daftari lake, naapa sikulifungua mimi. Ilikuwa mapumziko, yeye ametoka kuongea na simu, na mashine za chini zilikuwa zinachapa kazi isiyo ya kawaida. Meza yake ikatetemeka, daftari likateleza, likaanguka wazi. Kuliangusha ni kwa mashine. Kulisoma ndiko kulikokuwa kwangu.

Ukurasa ulikuwa umegawanywa kwa rula sehemu mbili. Upande mmoja "Teacher", upande wa pili "Me". Chini yake mistari:

The teacher is more quick than me.

The teacher is more severe than me.

The teacher writes more big than me.

Jambo la kwanza lililonijia, Mungu anisamehe, lilikuwa kuchukua kalamu nyekundu nikamwekee mikia yake. Jambo la pili lilikuwa kijasho chembamba. Ananilinganisha! Mimi na yeye, upande kwa upande! Mwalimu ana haraka, mwalimu ni mkali, mwalimu anaandika mimaandishi mikubwa. Mstari wa mwisho ulikuwa umezibwa na rula iliyobanwa ukurasani. Nikainama niisogeze, nikasikia viatu vyake ngazini. Nikalirudisha mezani, nikaenda dirishani kutazama barabara kwa makini sana.

"Sasa unaamini?" akasema dada yangu jioni.

Niliamini.

Siku ya Jumatatu mkurugenzi akaniita, hatimaye tuongee. Tuliongea kwa muda wa kunywa glasi moja ya maji, naye ndiye aliyeinywa. Akanisukumia karatasi. "Lile jambo la yule bwana. Jaza hapo, weka sahihi, nitaituma."

Ilikuwa karatasi moja, juu yake imeandikwa ukurasa wa pili. Wa kwanza haukuwepo. Juu palichapwa: Nafasi inayoombwa, mwalimu wa lugha. Chini yake jina la Profesa. Chini zaidi, sentensi moja ya Kiingereza iliyokatizwa na mstari wa nukta: Kiingereza chake, kikilinganishwa na cha wanafunzi wenzake, kikoje?

Mwalimu wa lugha.

"Ukurasa wa kwanza uko wapi?" nikauliza.

"Aa, mambo ya anwani tu. Jaza, mwalimu, watu wanasubiri."

"Watu gani?"

"Si hao wanaomtaka!" akacheka, akaishusha miwani, akaanza kusoma kitu kingine.

Sasa nieleze kweli. Profesa hakuwa mbovu. Mikia ilimsumbua kama ilivyowasumbua wote, lakini alifanya kila zoezi, na matamshi yake yalikuwa safi kuliko ya mtu yeyote mle ndani isipokuwa Nesi. Nilijua hivyo nikiwa nimekaa pale. Lakini nilichokuwa nimeshika mkononi, kwa jinsi nilivyoona, ni kiti changu mwenyewe, na nilikuwa nimetakiwa nikifute vumbi ili mwingine akalie. Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nikaandika neno moja juu ya zile nukta: "worse". Mbaya zaidi. Nikaweka sahihi, na herufi, kama kawaida yangu, zilikuwa kubwa.

Nililala vizuri sana siku hiyo. Hilo nalo nalisema kwa sababu ni kweli.

Siku tatu zikapita. Alhamisi ilikuwa zamu ya maneno ya shuleni: ubao, maktaba, mwalimu mkuu, muhula. Nilikuwa nimepanga kumaliza mchezo. Nitamsimamisha aseme mwenyewe, mbele ya mashahidi kumi na wawili, alikotoka na alichofuata. Nikachora ngazi ubaoni: shule ya awali chini, msingi, sekondari, chuo, chuo kikuu juu kabisa.

"Profesa," nikasema, "njoo utuonyeshe ulifundisha kwenye ngazi ipi."

Akaja na penseli yake. Nilijua mkono utakwenda juu. Nilikuwa nimeshaandaa hata tabasamu. Akainama. Akaweka ncha ya penseli pale msingi inapomalizika na sekondari inapoanza.

"Hapa, mwalimu. Watoto wa miaka kumi na mbili, kumi na tatu. Nilifundisha Kifaransa na jiografia, mwalimu."

"Kwenye fomu yako umeandika 'college'."

"Ndiyo, mwalimu. Collège."

Alilitamka kwa Kifaransa, laini, na Nesi akatikisa kichwa kukubali. "Kwetu collège ndiyo hiyo, mwalimu. Shule ya watoto waliotoka msingi. Si chuo."

"Na 'professor'?"

"Anayefundisha hao watoto. Kwetu wote ni professeur."

Msusi alikwishaelewa kabla ya wengine wote. Akapiga kofi. "Jamani! Mwalimu alidhani tuna profesa wa chuo kikuu humu! Ndiyo maana kila siku Profesa, Profesa!" Darasa likaanguka kicheko, na Profesa mwenyewe akacheka kwa furaha kabisa, huku ameshika tumbo la koti lake.

Mimi nilikuwa nimeshika kingo za meza. "Na ulisema," nikaanza, "ulisema mkurugenzi amekubali u-'assist'. Umsaidie nani?"

Wakatazamana. Nesi tena ndiye aliyejibu, polepole, kama anayetoa bandeji. "Assister kwetu ni kuhudhuria, mwalimu. Kuwepo tu."

"Nimeandikishwa siku tatu kwa wiki, mwalimu," akaongeza Profesa. "Nilimwomba mkurugenzi niruhusiwe kuja kila siku. Nina haraka, mwalimu."

Miaka kumi na moja! Miaka kumi na moja nawaonya watu hawa juu ya maneno yanayofanana sura na kutofautiana tabia. Nina orodha yake, nimeichapa mimi, imebandikwa ukutani nyuma ya kichwa changu. "Library" si "librairie" yenu, si mahali pa kuuza vitabu, nawaambia, msidanganyike na sura. Na mimi nikadanganyika na maneno mawili kwenye fomu na moja la mdomo.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa aibu yangu. Lakini Profesa hakurudi kukaa. Aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa faili la kadibodi, na ndani ya faili akatoa karatasi, akaishika kwa ncha za vidole ili isikunjike.

"Mwalimu, kwa kuwa leo ni maneno ya shule, naomba neno moja ambalo hatujafundishwa, mwalimu."

Niliijua ile karatasi kabla hajaigeuza. Sahihi yangu inaonekana kutoka mbali.

Akaeleza, nusu kwangu, nusu kwa darasa. Kulikuwa na shule ya binafsi inayomtafuta mwalimu wa Kifaransa, mbali kidogo na hapa, na vikao vyao vyote vya walimu ni kwa Kiingereza, ndiyo sababu ya kuja kila siku. Mwalimu mkuu alimhoji akampenda. Ikabaki barua ya mwalimu wake wa Kiingereza. Leo asubuhi alikwenda kuulizia, na katibu akamrudishia hii: ampelekee mwalimu aliyeandika, waje wote wawili kabla ya saa kumi, mwalimu aeleze alichokusudia. Baada ya hapo nafasi anapewa mwingine.

"Katibu alikuwa na uso wa huzuni kidogo, mwalimu, sikuelewa kwa nini. Neno lenyewe hili." Akaweka penseli chini ya "worse". "Kamusi yangu ni ndogo, ina maneno ya mwanzo tu, mikia haina. Nikatafuta jirani yake nikapata 'worth'. Thamani. Kwa hiyo nilifikiri hili ndilo lenye mkia wake. Mwenye thamani zaidi kuliko wenzake, mwalimu." Akashusha sauti, ya mtu anayekiri utoto. "Nilimwambia na mke wangu. Alifurahi sana."

Hakuna aliyecheka. Hawakuwa wanajua. Maneno yanayovunja kanuni huwa nayaacha mpaka wiki ya nne. "Better" wote walikuwa nalo, limeandikwa kwenye kila tangazo la sabuni, lakini "worse" halina tangazo. Nesi peke yake alikuwa anaangalia mikono yake, na nikajua kwamba Nesi analijua.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika tano. Kule chini mashine ziliwashwa, viti vikaanza kusogea.

Ningeweza kumdanganya. Nilifikiri hivyo, siwezi kujipamba. Ningesema ndiyo, ni mkia wa "worth", umeshikilia vizuri, lete hapa nikuandikie lililo rahisi zaidi ili katibu asichanganyikiwe. Ningefuta, ningeandika "better", angekwenda na kazi angepata, na mimi ningebaki mwalimu wake mpaka anakufa. Lakini alikuwa amekwishachukua daftari. Penseli ilikuwa inangoja. Angeandika uongo wangu, auwekee rula, na siku moja kwenye kikao cha walimu angesimama, afunge kifungo cha koti, na amwambie mwalimu mkuu, kwa heshima zote, kwamba yeye ni "worse".

Nikachukua kalamu ya ubao. Chini ya ile ngazi nikaandika "bad". Mbele yake nikaandika "worse".

"Halihusiani na 'worth'," nikasema. "Linatoka hapa. Mbaya, mbaya zaidi. Nililiandika mimi, nikijua maana yake. Na si kweli."

Msusi alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akaufunga bila kuutumia.

Profesa aliutazama ubao. Alinakili maneno yote mawili, kwa uangalifu, kama anavyonakili kila kitu. Kisha, nadhani kwa mazoea tu, nadhani mkono ulitangulia na akili ikiwa bado iko njiani, akainua penseli.

"Mwalimu. Mfano, tafadhali, mwalimu."

Mwaka mzima sikuwa nimeandaa mfano wa neno hilo, wala kiganjani sikuwa na wino.

"I am a worse teacher than you," nikasema.

Akaandika. Nilisikia penseli ikikwaruza karatasi, neno baada ya neno. Alipofika "worse" aliinua macho kwenye ubao kuhakikisha tahajia, akateremka, akamalizia, akaweka nukta. Akaisoma sentensi midomo ikicheza. Kisha akaisoma tena, na safari hii midomo haikucheza.

Nilikuwa nimesimama karibu naye, nikaona kila kitu. Alifungua kurasa za nyuma, taratibu, mpaka ule uliogawanywa sehemu mbili. Rula, ambayo huirudisha hapo kila akimaliza kuchora, ilikuwa imebanwa pale pale. Akaiondoa, na mstari wa mwisho nikausoma:

The teacher is better teacher than me. I want to teach like she.

Mwalimu anafundisha vizuri kuliko mimi, nataka kufundisha kama yeye. Akailaza rula katikati ya maneno, akaishika kwa vidole viwili isiteleze, akachora mstari mmoja ulionyooka kutoka mwanzo mpaka mwisho, bila hasira, kama alivyowafundisha watoto wa watu miaka kumi na minane kufuta kosa. Akapuliza vumbi la penseli. Akalifunga daftari, akairudisha karatasi kwenye faili, na faili akalibana kwapani.

Nikavaa koti langu. Nilijua kwamba kabla sijamaliza kueleza kule shuleni, simu ya mkurugenzi itakuwa inalia, na kwamba hilo la digrii sasa lilikuwa dogo. Nikawaambia wengine wafunge madirisha wakitoka.

Alikuwa amenitangulia mlangoni. Alinishikia mlango, kama alivyoushika kila siku.

"Twende," akasema.

Nikangoja neno la mwisho, lile lililokuwa halikosekani. Tulishuka ngazi zote, tukapita duka la fotokopi, tukatoka barabarani, na hakulisema.